Emeric Pressburger na Lugha ya Wenyeji

Katika filamu The Life and Death of Colonel Blimp (1943), mzee Mjerumani aitwaye Theo anaketi mbele ya afisa wa Uingereza kueleza kwa nini anaomba hifadhi. Mkewe Mwingereza amekwisha kufa. Wanawe wamekuwa Wanazi. Hapazi sauti wala halii. Kamera yamkazia macho kwa muda mrefu bila kukatizwa, naye anaisifia Uingereza kwa Kiingereza cha kujifunza ukubwani. Onyesho hili limezoeleka kutajwa kuwa ushahidi wa ustadi wa mwelekezi, Michael Powell. Powell anastahiki sifa yake. Hata hivyo, maneno ni ya Emeric Pressburger, na hakuna Mwingereza ambaye angeweza kuyaandika.

Pressburger, Myahudi, alizaliwa Miskolc, Hungaria, mwaka 1902. Kihungaria kilikuwa lugha ya kwao. Kijerumani kikampa riziki alipoiandikia miswada kampuni ya filamu ya UFA mjini Berlin. Wanazi waliposhika hatamu mwaka 1933, UFA iliwafukuza Wayahudi. Alikimbilia Paris, kisha London mwaka 1935, akaanza upya katika lugha nyingine tena. Hadithi ya filamu ya 49th Parallel (1941) ikamtunukia Oscar.

Yafaa ikumbukwe kwamba alipomwandikia Theo maneno yale, Pressburger mwenyewe alihesabiwa na serikali kuwa raia wa nchi adui, maana Hungaria ilipigana upande wa Ujerumani. Uraia wa Uingereza aliupata mwaka 1946. Churchill, kwa upande wake, alitaka utengenezaji wa filamu hiyo usimamishwe. Mgeni alikuwa ameipenda nchi kwa namna ambayo mkuu wa nchi hakuitambua.

Kampuni yao, The Archers, ilitangaza kwenye filamu zake kwamba zimeandikwa, zimetayarishwa na kuelekezwa na wote wawili. Mbele ya waigizaji aliyeamrisha ni Powell. Pressburger ndiye aliyebuni hadithi na kuusuka muundo wake, na katika uhariri na muziki sauti yake ilisikika. Wahakiki waliozoea kumtafuta mtunzi mmoja wakaigawa mali ambayo wenyewe hawakuigawa, na fungu nono likamwendea Powell. (Wasifu wa Pressburger uliandikwa mwaka 1994 na mjukuu wake, Kevin Macdonald, yule aliyekuja baadaye Uganda kuelekeza The Last King of Scotland.)

Wawili hao walitengana mwaka 1957, naye Pressburger akageukia riwaya. The Glass Pearls (1966) haikupokelewa vyema, na hapo uhakiki ulikosea vibaya. Mhusika wake mkuu ni daktari wa Kinazi aliyewafanyia wafungwa majaribio, ambaye sasa anaishi London kama fundi wa piano, akiogopa kila hatua anayoisikia ngazini. Mama yake Pressburger aliuawa Auschwitz. Lakini mwana huyo anatuweka ndani ya nafsi ya mhalifu, tukaogope pamoja naye, na hatupewi pa kutokea. Theo aliyeomba mlango ufunguliwe na daktari anayejificha nyuma ya mlango wanazungumza Kiingereza kilekile, chenye adabu, chenye lafudhi ya kigeni. Sikio la mwenyeji haliwezi kuwatofautisha.