Mashine ya kukaushia nguo inapokosa joto

Sisi tuliozaliwa Kongo hatukuzoea kuhesabu kukausha nguo kuwa ni kazi. Mama alifua mtoni au penye bomba, akaanika nguo juu ya kamba au juu ya majani, na jua likamaliza yaliyosalia. Baadaye pasi ya makaa ilipita juu ya kila vazi, hata juu ya nepi za mtoto mchanga, wala haikuwa kwa ajili ya urembo tu. Katika nchi za joto yuko nzi atagaye mayai katika nguo mbichi zilizoanikwa nje, na funza wake huingia katika ngozi ya mtu. Joto la pasi huyaua mayai hayo. Basi tangu utoto tulifahamu kwamba nguo kavu ni jambo la afya ya jamaa nzima.

Leo tunakaa Grand Rapids, katika jimbo la Michigan, Marekani, mahali walipofika Wakongo wengi wasemao Kiswahili. Huku, wakati wa baridi kali, shati lililoanikwa nje hukakamaa kama ubao. Ndiyo sababu nyumba nyingi zina mashine ya kukaushia nguo. Fikira ya kukausha nguo ndani ya nyumba si ya jana. Tarehe 7 Juni 1892 George T. Sampson, Mmarekani mwenye asili ya Afrika, alipewa hati ya uvumbuzi wa kiunzi cha kutundika nguo karibu na jiko, zipate kukauka kwa joto lake. Mashine za leo zinatumia umeme au gesi, lakini kanuni ni ile ile: joto hutoa maji katika nguo, nao upepo huyachukua. Kimoja kikikosekana, kazi haiendi.

Mwezi wa Januari mashine yetu, tuliyoinunua imekwisha kutumiwa na wengine, ilianza kuzungusha nguo bila kuzikausha. Mota ilinguruma, pipa likazunguka, upepo ukavuma, lakini ulikuwa upepo wa baridi. Nyumbani tuko watu saba, na mmoja wa watoto ana ugonjwa wa pumu. Tulitundika nguo katika kila chumba. Siku ya tatu maji yalikuwa yakitiririka juu ya vioo vya madirisha, ukungu mweusi ukaonekana pembeni mwa ukuta, na mtoto akakohoa usiku kucha. Mama wa nyumba alikwenda kazini na sare ambayo bado ilikuwa na unyevu kwenye mishono. Tukampigia simu fundi mmoja. Yeye, kabla hajaiona mashine, alitushauri tununue nyingine mpya. Lakini kodi ya nyumba ya mwezi ule ilikuwa haijalipwa.

Majirani walitupa mashauri, kila mtu kwa nia njema. Mmoja alisema tufungue mlango wa jiko la kuokea mikate, tutundike nguo mbele yake. Mwingine alisema, "Mle ndani mna fyuzi ndogo ya joto. Iondoeni, muunganishe nyaya mbili kwa waya, na joto litarudi leo hii." Mashauri yote mawili tuliyakataa. Nguo ikianguka juu ya moto wa jiko, nyumba yaweza kuungua. Tena ile fyuzi imewekwa makusudi ife kabla watu hawajafa. Mwenye kuiondoa amemfukuza mlinzi wa mlango, na mwizi angali nje.

Wala hofu hii si ya bure. Shirika la serikali ya Marekani linaloshughulika na mambo ya moto, U.S. Fire Administration, lilikadiria kwamba katika miaka ya 2008 hadi 2010 mashine za namna hii zilianzisha moto wapata 2,900 kila mwaka katika nyumba za watu. Katika moto huo watu wapata 5 walikufa na 100 waliumia kila mwaka. Sababu iliyotangulia nyingine zote ilikuwa kutosafisha mashine.

Tukamwita mzee mmoja wa parokia yetu, aliyejifunza kazi ya umeme Lubumbashi, ambaye watoto wetu humwita Babu. Kijana wetu mkubwa alikuwa amekwisha kushika bisibisi. Mzee akamwambia, "Weka chini, mwanangu. Kwanza tutazame, halafu tupime, ndipo tufungue."

Akaanza na yale mepesi. Je, kitufe cha joto kimewekwa mahali pake? Maana mashine nyingi zina mahali pa upepo mtupu usio na joto, na mkono wa mtoto waweza kukigeuza. Kilikuwa sawa. Kisha akaenda kwenye sanduku la umeme la nyumba, akatufafanulia jambo ambalo sisi wa Kongo tuna haki ya kulistaajabia. Kwetu nyumba ya kawaida hupata umeme wa volti 220 kwa waya mmoja wenye moto. Marekani waya zenye moto ni mbili, kila mmoja wa volti 120, na zikitumika pamoja hutoa volti 240. Katika mashine nyingi za umeme za huku mota hutosheka na 120, lakini koili ya joto hudai 240. Ikiwa waya mmoja umekatika, au swichi ya ulinzi imeruka upande mmoja, pipa litazunguka vizuri, lakini joto halitapatikana. Ndiyo maana swichi hiyo ni pacha. Huzimwa kabisa, ikawashwa tena mara moja. Ikiruka tena, mtu asishindane nayo, bali amwite fundi. Mzee mwenyewe alipima umeme wa ukutani, kwa kuwa kazi hiyo si ya mtoto wala ya baba asiyejifunza. Akakuta 240 kamili.

Hapo akaamuru plagi ichomolewe, akatuonyesha ya kuwa imelala sakafuni, ndipo akaruhusu kifuniko cha nyuma kifunguliwe. Kijana akashika kile kipimo kidogo cha umeme. Mzee akamfundisha kuondoa waya kwenye ncha ya kifaa kabla ya kukipima, ili kipimo kisipite njia nyingine kikadanganya. Koili ya joto ilionyesha omu 10 hivi, maana yake ni nzima. Kama ingalikatika, kipimo kisingalionyesha njia yoyote. Tena haikugusana na bati la mashine. Thamostati, kile kifaa cha kuongoza kiasi cha joto, nacho kilikuwa kizima. Walipofika kwenye fyuzi ya joto, kipimo kilinyamaza. Fyuzi ilikuwa imekufa.

Kijana akashangilia, "Tumeshinda, Babu!" Mzee akajibu, "Bado. Tumemkuta maiti, lakini hatujamjua aliyemwua."

Neno hili ndilo tungependa wasomaji walishike kuliko mengine. Fyuzi ya joto mara nyingi haifi kwa uzee. Hufa kwa sababu joto limezidi, na joto huzidi hasa hewa inapokosa njia ya kutokea. Chujio la mlangoni tulikuwa tukilisafisha kila mara. Lakini nyuma ya mashine liko bomba lipitalo ndani ya ukuta mpaka nje, na bomba lile lilikuwa la nyumba, tangu siku za wapangaji waliotutangulia. Tulitoka nje katika theluji. Kifuniko cha bomba kilikuwa kimeshikamana kwa vumbi la nguo na barafu. Mzee alipoingiza mkono alitoa manyoya ya kijivu, makavu, mengi hata kujaza ndoo. Akachukua kipande kidogo, akakiweka juu ya jiwe, akakiwashia kiberiti. Kilitoweka mara moja kwa mwali mmoja. Hakuna aliyesema neno.

Tulimwandikia mwenye nyumba, kwa adabu lakini kwa uwazi, tukamweleza hatari ilivyo. Akaja, bomba likasafishwa kutoka mwanzo hata mwisho, na ule mpira laini uliokunjamana nyuma ya mashine ukaondolewa, likawekwa bomba gumu la bati. Fyuzi mpya ya namba ile ile haikutugharimu zaidi ya bei ya kuku mmoja. Usiku ule nguo zilitoka zina joto, na mama akavaa sare kavu.

Kwa jamaa zetu walioko ng'ambo twaongeza maneno machache. Ikiwa mashine yenu ni ya gesi, msiifungue. Mkisikia harufu ya gesi, msiguse swichi yoyote, tokeni nje kwanza, ndipo mpige simu. Walioko Ulaya wataona mashine nyingi zisizo na bomba la nje, ambazo hugeuza mvuke kuwa maji na kuyakusanya katika chombo. Hizo nazo zina machujio yake ya kusafishwa na chombo chake cha kumwagwa. Safisheni chujio kila mara baada ya kukausha. Tazameni bomba la nje kabla baridi haijaanza, tena wakati mashine inapofanya kazi, mwone kama upepo wa moto unatoka kwa nguvu. Nguo zikianza kuchukua muda mrefu kuliko kawaida, hilo ni onyo. Msingoje mashine inyamaze. Wala msiiache ikifanya kazi wakati mmelala au mmetoka nyumbani.

Nanyi wanafunzi, angalieni jinsi mzee huyu alivyotumia yale mnayojifunza darasani: volti, omu, mvuke na upepo. Hakubahatisha, hakubadilisha kifaa kizima, wala hakuridhika na jibu la kwanza. Kukosekana kwa joto kulikuwa habari tu. Ugonjwa wenyewe ulikuwa umelala ukutani, nyuma ya vichwa vya watoto waliosinzia, ukingoja cheche moja.