Hisa Mia Tano za Gazeti

Ami yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa fundi cherehani katika mtaa wa Oli mjini Arua, na baraza ya duka lake ilikuwa na mabenchi mawili, pasi ya makaa na gazeti moja. Gazeti hilo, New Vision, lilikuja kwa gari kutoka Kampala, mwendo wa kilomita 500 hivi kupitia Karuma na daraja la Pakwach, likatufikia jua limekwisha kupanda, na siku za mvua kubwa likatufikia jioni, limebeba habari ambazo redio ilikwisha kuzitangaza tangu alfajiri. Pamoja na hayo lilingojewa kama angojewavyo mgeni wa heshima. Ami alilifungua kwanza, kwa kuwa ndiye aliyelinunua; baada yake alilichukua Mwalimu, mzee mstaafu wa Mvara aliyesoma matangazo ya vifo na zabuni kabla ya habari zenyewe; kisha wakaja waendesha bodaboda, ambao hawakutaka ila ukurasa wa mwisho wa kandanda; na kesho yake asubuhi Mama, mke wa ami, alilikata vipande vya mraba akafungia mandazi aliyouza penye lango la soko.

Mwishoni mwa mwaka 2004 gazeti lenyewe liliandika kwamba linauzwa. Mwendesha bodaboda mmoja alidhani kwamba bei imepanda. Mwalimu akamweleza kwamba kinachouzwa si karatasi bali kampuni, na si kampuni nzima bali asilimia 20 yake, ambayo serikali, mwenye mali, imeamua kuitoa kwa umma katika Soko la Hisa la Uganda, vipande milioni 10 na ushei. Soko hilo lilikuwa changa bado: lilianza biashara mwaka 1998 kwa hati za mkopo za Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki, na kampuni ya kwanza kuuza hisa zake humo, mwaka 2000, ilikuwa Uganda Clays, watengenezaji wa matofali na vigae wa Kajjansi. Mwaka uleule ikafuata British American Tobacco, ambayo kwetu haikuhitaji kutambulishwa, maana wakulima wa Maracha na Koboko walikuwa wakikausha majani ya tumbaku kwa ajili yake kabla hatujasikia neno hisa likitumika nje ya mirathi.

Na kweli neno hilo kwa watu wa Oli lilikuwa neno la sheikh: lilitamkwa baada ya mazishi, watoto wakiwa wamekaa kitako, ng'ombe na viwanja vikihesabiwa. Kwa sababu hiyo mazungumzo ya kwanza ya masoko niliyopata kuyasikia hayakuhusu faida wala hasara, yalihusu halali na haramu. Kiwanda cha bia cha Nairobi, ambacho hisa zake zilikuwa zikiuzwa Kampala tangu 2001, hakikujadiliwa hata kidogo. Tumbaku iliwagawa watu, wengine wakisema ni makruhu tu na makruhu si haramu, na waliosema hivyo, aghalabu, walikuwa na sigara mkononi. Benki zilikuwa na riba. Likabaki gazeti, nalo likaonekana kitu safi, maadam kazi yake ni kuwapasha watu habari, mpaka Mwalimu, ambaye alikuwa Mkristo na mpenda uchokozi, alipofunua ukurasa mmoja uliokuwa na chupa ya bia tangu juu hadi chini. Mabenchi yote mawili yakanyamaza. Ami aliitazama ile chupa kitambo, akasema kwamba mwenye nyumba habebi dhambi za mpangaji; sheikh wa jirani akajibu kwamba huzibeba ikiwa anazijua na anapokea kodi; na suala hilo, kwa kadiri nijuavyo, halijapata hukumu hadi leo. Ami alinunua hisa 500.

Nilimwuliza sababu. Aliniambia kwamba gazeti lile lilizaliwa mwaka 1986, wakati yeye na wengi wa West Nile, mkoa wetu, walipokuwa wakirejea kutoka uhamishoni Zaire na Sudan, na kwamba alipowasili Arua na cherehani kichwani, karatasi ya kwanza aliyoisoma katika nchi yake mwenyewe ilikuwa hiyo. Hii haikuwa hesabu ya mfanyabiashara, naikubali. Lakini nimewaona watu wenye elimu kubwa wakinunua hisa kwa sababu dhaifu kuliko hiyo.

Umiliki ulimbadilisha. Mtu aliyekuwa mkarimu wa gazeti kuliko wa chai akaanza kuhesabu wasomaji. "Leo wamelisoma watu 14," alisema jioni moja akikunja futi yake, "na aliyenunua ni mmoja. Mwanangu, hawa wananila." Juma lililofuata alitangaza kwamba anayetaka kusoma akanunue nakala yake. Mabenchi yakahama pamoja na watu wake hadi kwa kinyozi wa pili yake, na wateja wa suruali wakafuata mabenchi. Siku ya nne Mwalimu alikuja, akaketi juu ya debe kwa kuwa benchi halikuwapo, akamfundisha jambo ambalo mimi pia sikulijua: kwamba bei ya nakala ni sehemu ndogo tu ya riziki ya gazeti, kwamba mwenye kulilisha ni mtangazaji, na kwamba mtangazaji hulipa kwa hesabu ya macho wala si ya mikono. "Fundi," alisema, "wale 14 ndio mali yako. Umefukuza mifugo." Kinyozi akarudishiwa shukrani na mabenchi yakarejea kabla ya sala ya Ijumaa.

Tangu hapo tukawa kundi la watu waliosoma gazeti kinyumenyume, tukianza na matangazo. Ukurasa mzima wa wizara ulipokelewa kwa furaha. Nusu ukurasa wa kampuni ya simu ulijadiliwa. Toleo jembamba la mwezi Januari lilitupa huzuni. Hatukuwa na njia ya kujua bei ya hisa ila kwa jedwali dogo lililochapwa ndani ya gazeti lenyewe, ambalo ami alilisoma kwa kioo cha kukuzia alichotumia kutunga uzi, na bei iliyokuwa humo ilikuwa ya jana au ya juzi. Sidhani kama ujinga huo ulitudhuru. Mtu asiyeweza kuuza leo hana haja ya kujua bei ya leo.

Gawio lilikuja kwa hundi, limekatwa kodi ya asilimia 10. Mwaka mmoja hundi ilikaa katika saraka ya wakala fulani wa Kampala, ambaye jina lake nitalistiri, hata ikapitwa na muda wake, na nauli ya basi ya kwenda kuidai, kwenda na kurudi, ingaliizidi hundi yenyewe maradufu. Ami aliandika barua tatu kwa mwandiko wa mkono. Hakujibiwa, na hakuisamehe hundi ile.

Mwaka 2008 kampuni iliwaomba wanahisa waongeze mtaji, kwa kuwa ilitaka kuingia katika redio na televisheni, na hisa zake zikapanda kutoka milioni 51 hadi milioni 76 na nusu. Serikali haikuchukua fungu lake, na umiliki wake ukashuka kutoka asilimia 80 hadi 53. Ami naye hakuwa na fedha, kwani mwaka huo alikuwa akimwozesha binti. "Mimi na serikali," alijigamba barazani, "safari hii tumekuwa na msimamo mmoja."

Miaka hiyo ndiyo iliyokuwa ya homa ya hisa. Benki ya Stanbic ilikuwa imeuza hisa zake kwa shilingi 70, hata kwa bei ya gazeti moja mtu aliweza kupata hisa zaidi ya kumi, na foleni ya benki mjini Arua ikawa na akina mama wenye vikapu vya samaki wa Panyimur. Safaricom ya Kenya ikafuata mwaka 2008 kwa shilingi tano za Kenya. Baadaye, mwaka 2012, ziliuzwa hisa za Umeme, kampuni ya kusambaza umeme, na rafiki mmoja wa Koboko akanunua akiwa chini ya taa ya mafuta, ilhali nyaya za Umeme hazikuwahi kuufikia mkoa wetu, sisi tukihudumiwa na kampuni nyingine kwa saa za kuhesabika. Alipoulizwa alijibu kwamba si lazima mtu anywe maziwa ya ng'ombe anayemkama.

Mwalimu hakujiunga na homa hiyo. Yeye alingoja hadi 2010, Nation Media Group ya Nairobi, wenye Daily Monitor, ilipoorodheshwa Kampala, akanunua kwa akiba ya kiinua mgongo. Alipenda kutukumbusha kwamba jumuiya ile kubwa ilianzia katika gazeti la Kiswahili, Taifa, ambalo Aga Khan alilinunua mwaka 1959 kabla ya kuanzisha Nation. Baraza ikawa na vyama viwili, kila kimoja kikisoma kurasa za mwenzake kutafuta udhaifu. Polisi walipoifunga Monitor kwa siku kumi hivi mwezi wa Mei 2013, kwa ajili ya barua ya jenerali mmoja iliyochapwa humo, ami hakumkejeli Mwalimu. Alimnunulia chai, na siku hizo zote akamwachia awe wa kwanza kulifunua New Vision.

Furaha kubwa ya ami ilikuwa ya sikio. Kampuni yake ilikuwa na magazeti kwa Kiganda, Kinyankore, Kiteso na Kiluo, na sisi tusio wa lugha hizo tukapata redio, Arua One. Asubuhi aliyoitambua kwamba ni ya kampuni ile ile, aliacha pasi juu ya kanzu ya mtu. Kanzu ile, yenye alama ya kahawia begani, tulimlipa mwenyewe, na ami aliivaa hadi uzeeni, akiwaonyesha watu kovu lile kama hati ya pili ya umiliki wake.

Mimi nilihamia Koboko wakati barabara kutoka Arua hadi Oraba ilipokuwa ikitiwa lami, nikafungua duka la vitambaa karibu na stendi. Jirani yangu alikuwa kijana mtengeneza simu, na kibandani kwake, penye harufu ya risasi ya kuchomelea, ndipo nilipoyasikia mazungumzo ya hisa yakigeuka lugha. Vijana wale hawakupata kununua gazeti maishani mwao. Habari, nyimbo na kandanda, vyote viliwafikia kwa bando. Kampuni ya simu ya MTN ilipouza hisa zake mwaka 2021 kwa shilingi 200, walizinunua kwa simu zilezile, wamesimama, mmoja akingojea chapati. Hakukuwa na hati wala muhuri, wala mtu hakuuliza halali na haramu. Ulikuja ujumbe. Siku ilipoanza kuuzwa sokoni, tarehe 6 Desemba, walitazama bei mara nyingi kuliko ami alivyoitazama kwa mwaka. Mmoja wao, shabiki asiyekosa jioni hata moja katika kibanda cha mpira, alipogundua kwamba Manchester United inauzwa New York tangu 2012, alishangaa kwamba amekuwa akililia timu ambayo angeweza kuwa na kipande chake, kisha akatazama msimamo wa ligi akasema afadhali aendelee kulia bure.

Niliwapenda, nao waliniita Mzee, wakanifundisha. Lakini nilipowauliza kampuni yao imefanya nini juma hilo, walinitajia bei; na ami, ukimwuliza swali hilohilo, angekuhesabia kurasa.

Kurasa zilikuwa zikipungua. Korona ilipofika mwaka 2020, Orumuri, Rupiny na Etop, yale magazeti yake ya Kinyankore, Kiluo na Kiteso, yakasimama kuchapwa. Hisa ya New Vision ikawa inauzwa kwa shilingi mia chache tu, na ile ya Mwalimu, ambayo Nairobi mwaka 2014 ilikuwa imevuka shilingi 300 za Kenya, ikateremka hata chini ya 20. Machi 2023 Rais aliagiza matangazo ya wizara na idara za serikali yapelekwe UBC, shirika la utangazaji la serikali, na niliposhuka Arua kumtazama ami, ambaye alikuwa amelala upande mmoja haoni tena kushona, alikuwa amekwisha kusomewa habari hiyo. "Mwenzangu wa asilimia 53," alisema, "amehamisha wateja."

Alifariki mwaka huohuo. Sanduku la bati lilipofunguliwa mbele ya sheikh, tulikuta ile hati ya hisa 500, nakala za barua tatu, na magazeti yaliyokunjwa vizuri, yaliyobaki baada ya mandazi ya miaka mingi. Sheikh alichukua kalamu. Mjane, kwa kuwa kuna watoto, thumuni. Yaliyosalia, wavulana wawili na wasichana watatu, mvulana fungu la wasichana wawili. Hesabu ikatoka: kila mvulana hisa 125, kila msichana 62 na nusu, na Mama 62 na nusu. Sheikh aliirudia, ikatoka vilevile. Akauliza iwapo soko la Kampala linaandika nusu ya hisa, na kila mtu akanitazama mimi, nami nikasema kwamba haliandiki, na kwamba hata hizo nzima zitahitaji barua za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani.

Mama, aliyekuwa nyuma ya pazia la eda, alisema nusu yake apewe bintiye mdogo ili ya mtoto ikamilike, na wale wawili wapatane wenyewe. Kisha akauliza kama magazeti yaliyomo sandukuni yamo katika hesabu. Sheikh akasema hayamo. Akaomba aletewe.