Butembo: Maji ya moto ndani ya nyumba yana masharti yake

Katika kiwanja kimoja cha mtaa wa Furu, saa kumi na mbili asubuhi, watoto saba wanapanga foleni mbele ya bafu. Wanne ni wa mwenye nyumba. Watatu ni wa mdogo wake, aliyefika kutoka Oicha akikimbia mauaji yanayoumiza eneo la Beni tangu Oktoba 2014. Kule kuna joto. Butembo iko juu ya mita 1,700, na maji ya asubuhi yanauma mifupa.

Kwa kuwahurumia wageni, baba wa nyumba alinunua sokoni kile chuma cha kuchemshia maji, kinachowekwa ndani ya ndoo na kuchomekwa kwenye prizi. Siku ya tatu, mtoto wa miaka mitano alitia mkono kuonja kama maji yamepata moto. Chuma kilikuwa bado kwenye umeme. Kilimrusha chini.

Mtoto alipona. Lakini mama yake alianza kufunga vitu vyake.

“Yaya, nilitoka Oicha kwa ajili ya hawa watoto. Siwezi kuwapoteza kwenye ndoo.”

Mwenye nyumba hakupata la kujibu. Ndoo ile ilinunuliwa kwa upendo.

Jioni walimpigia simu kaka yao aliye Kanada. Aliwaeleza kwamba jirani yake aliweka uani beseni kubwa la maji ya moto, la kukaa watu wanne. Kabla ya kuingia, aliomba kibali cha manispaa. Fundi anayetambuliwa alifunga umeme, pamoja na kifaa kinachoukata mara tu unapovuja. Beseni lina kifuniko chenye kufuli, na maji hayapiti digrii 40.

Furu hakuna beseni la namna ile, lakini umeme na maji havibadiliki kwa kuvuka bahari. Familia ile ilijiwekea sheria zake. Chuma kinatolewa kwenye prizi kabla ya mtu yeyote kugusa maji. Kinashikwa na mtu mzima tu, mikono mikavu, na viatu miguuni. Ndoo ya chuma hairuhusiwi. Bafuni, maji baridi yanatangulia, ya moto yanafuata, kwa sababu maji ya digrii 60 yanaunguza ngozi ya mtoto kwa sekunde chache. Fundi aliitwa kuweka waya wa ardhini na kile kifaa cha kukata umeme.

Umeme ukikosekana, mbabula inawashwa nje. Makala yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa hewa isiyo na harufu, inayoua watu wakiwa usingizini.

Na anayetaka kujengea wageni bafu jipya au kuchimba tangi la maji, apite kwanza kwenye ofisi ya mipango-miji ya meri kuuliza kibali cha kujenga. Shimo lisilofunikwa halichagui mtoto wa mwenyeji wala wa mgeni.

Mtu akinaswa na umeme, usimshike: kata umeme kwanza. Aliyeungua amwagiwe maji baridi ya kawaida dakika 20, bila mafuta wala dawa ya meno, kisha apelekwe kwenye kituo cha afya.

Mama wa Oicha alifungua mabegi yake. Sasa chuma kinaning'inia kwenye msumari, juu, na yeye ndiye anayekishusha.