Ndizi Zetu Zina Majina Kama Zabibu za Ufaransa

Miezi ya ndoa inakaribia, na katika vikao vya kuandaa sherehe swali moja linarudi kila Jumapili: kwenye meza ya bibi-arusi tutaweka divai gani? Wajomba wanataka chupa iliyoandikwa Bordeaux. Upande wa bwana-arusi unasema bila chupa hiyo watu watacheka. Basi mchango unapandishwa. Na yule mama jirani aliyesomesha watoto sita kwa kasiksi anaombwa alete bidoni mbili za wapishi, nyuma ya nyumba.

Hatuandiki haya kwa kuichukia divai. Tunaandika kwa sababu wengi wetu tunanunua chupa bila kujua ndani mwake mna nini, na tunaidharau bidoni bila kujua ndani mwake mna nini vilevile. Sisi walimu hupenda kuanza na kilicho karibu ndipo twende mbali. Leo tugeuze: tuanze mbali, kisha turudi nyumbani Butembo na Beni.

Huko Ufaransa mkulima wa divai hakuambii tu kwamba amepanda zabibu. Anakutajia jina la kila aina. Katika nchi ya Bordeaux, divai nyekundu hutoka zaidi kwa zabibu za Merlot na Cabernet Sauvignon, nao huzichanganya: ya kwanza ni laini, ya pili ni ngumu na inakaa miaka. Ukienda Bourgogne, nyekundu ni ya Pinot Noir na nyeupe ni ya Chardonnay. Jirani yake, Beaujolais, wanapanda Gamay. Karibu na mji wa Nantes, mahali mto Loire unapoingia baharini, kuna divai nyeupe yenye uchachu inayoitwa Muscadet, na wenyeji huinywa pamoja na chaza na samaki wa bahari yao. Hakuna aliyewawekea sheria. Watu hunywa kinachoota kwao pamoja na chakula kinachotoka kwao, na kwa miaka mingi vitu hivyo viwili vinazoeana.

Kuna jambo moja zaidi la kushika. Anayekunywa divai nyekundu anasikia ulimi wake unakauka kidogo, kana kwamba ametafuna ganda. Huo ni ukakasi, na wataalamu wanauita tanini. Unatoka katika maganda na mbegu za zabibu. Ukakasi huo unapenda kushikana na protini. Ndiyo maana divai nyekundu inaenda vizuri na nyama: badala ya kushika ulimi wako, ukakasi unashika nyama. Mkumbuke neno hilo, ukakasi, maana tutakutana nalo tena kwenye mgomba.

Mtauliza: mbona sisi hatupandi mizabibu? Mzabibu unapenda kiangazi cha kutosha. Pale Dodoma, katikati ya Tanzania, nchi ni kavu, na wakulima wanavuna zabibu mara mbili kwa mwaka na kutengeneza divai. Huku kwetu mvua inanyesha karibu miezi yote, na unyevu mwingi unauletea mzabibu ukungu na kuoza. Mvua hiyohiyo inayochukiwa na mzabibu ndiyo inayolisha mgomba. Sisi tulipewa mgomba.

Na migomba yetu ina majina. Siku moja tuliwapa wanafunzi wa darasa la sita zoezi fupi: andika majina yote ya ndizi unayoyajua nyumbani kwenu. Watoto waliozaliwa hapa mjini waliandika mawili au matatu: ndizi, makemba, vitika. Watoto waliofika na wazazi wao wakikimbia vita upande wa Oicha, Mbau na Eringeti waliandika orodha: Pakuma, Vulambya, Nguma, Musilongo, Yangambi, na mengine tuliyolazimika kuwauliza namna ya kuyaandika. Msichana mmoja alijaza ukurasa mzima na kuomba karatasi nyingine. Alikuwa anakumbuka shamba la bibi yake mgomba kwa mgomba, kuanzia mlangoni mpaka mtoni. Tulimpa karatasi.

Kama zabibu, kila ndizi ina kazi yake. Yangambi, iliyochukua jina la kituo cha utafiti wa kilimo kilicho karibu na Kisangani, ina ganda jembamba na utamu mwingi. Inaliwa ikiiva na inatoa maji mazuri. Ng'ambo ya Kasindi, jirani zetu wa Uganda wana kayinja, mgomba unaovumilia hata udongo uliochoka, na wana kisubi, ndizi ndogo tamu sana. Halafu kuna zile ndizi za milimani ambazo hakuna mama anayezipika. Zikiwa mbichi zina utomvu na ukakasi, zinafunga mdomo. Mgeni angezitupa. Mama anayejua kasiksi ndizo anazozitafuta, maana ukakasi huo unaipa pombe nguvu ya ladha, kama ganda la zabibu linavyoipa divai nyekundu.

Wengi wetu tuliiona kazi yenyewe tukiwa wadogo, lakini watoto wetu wa mjini hawajaiona, kwa hiyo tuieleze. Ndizi zilizokomaa zinafunikwa na majani ya migomba katika shimo lenye joto, au zinawekwa juu ya moshi wa jiko, siku nne, tano au sita, mpaka ziive sawasawa. Zinamenywa na kutiwa katika mtumbwi wa mbao pamoja na majani makavu, kisha zinakandwa kwa mikono au kwa miguu iliyooshwa. Majani hayo hayakuwekwa bure. Yanazuia nyama ya ndizi, na maji yanatoka peke yake, safi. Ukikanda ndizi bila majani utapata uji. Maji hayo yanaongezwa maji kidogo na kuchujwa. Halafu unatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, ambao unaleta chachu na rangi. Chombo kinafunikwa. Baada ya siku moja mpaka tatu, kasiksi imefika.

Majirani wana za kwao. Rwanda wanaiita urwagwa, Uganda ni tonto, Wahaya wa Bukoba wana rubisi. Wachaga wa Kilimanjaro wanachemsha ndizi na kutia kimea cha ulezi, wanapata mbege. Ni ukoo mmoja mkubwa.

Sasa tuje mezani, kwa kuwa watu wa divai wanajivunia sana kujua kipi kinaendana na kipi. Sisi pia tunajua, ila hatujazoea kukiandika.

Maji matamu ya siku ileile, kabla hayajachacha, ni ya watoto na ya mama mwenye mimba au anayenyonyesha. Yaende na karanga au mahindi ya kuchoma, kwa sababu utamu peke yake unachosha.

Kasiksi ya siku moja bado ina sukari na inachemka kidogo ulimini. Hiyo inapenda chumvi: makayabu, au samaki wakavu wa Kyavinyonge waliopikwa na nyanya. Chumvi na sukari vinatulizana.

Kasiksi ya siku ya tatu imemaliza sukari yake. Ni chachu, ina ukakasi, na ndiyo wazee wanayoipenda. Ipewe nyama ya mbuzi ya kuchoma, nyama ya nguruwe, au maharagi yaliyopikwa na mawese pamoja na viazi vya Lubero. Uchachu unakata mafuta, ukakasi unashika nyama. Ni ileile kanuni ya Bordeaux.

Ikipita hapo inakuwa siki. Msiimwage. Kijiko kimoja juu ya kabichi iliyokatwa na kitunguu kinatosha. Na kila aina kati ya hizi inywewe mezani, pamoja na chakula, si asubuhi mtu akiwa na tumbo tupu. Anayeichemsha na kuigeuza kanyanga, huyo ametoka kwenye habari yetu.

Thamani ya kinywaji hiki sisi walimu tunaijua kwa namna ya pekee. Kabla ya elimu ya bure ya shule ya msingi kuanza mwaka 2019, sehemu kubwa ya kipato chetu ilitoka mifukoni mwa wazazi, ile pesa tuliyoiita prime. Mama alikuwa anakuja shuleni siku ya Jumatatu na noti zilizokunjwa ndogo sana, zikinuka ndizi. Alikuwa ameuza kasiksi Jumamosi. Kwa noti hizo mtoto wake alirudi darasani, nasi tulinunua unga. Shule za sekondari hata leo zinangoja minervali, na bado noti nyingi zinatoka mahali palepale.

Kwa hiyo mgomba ukifa, dawati linabaki tupu. Na migomba inakufa. Ugonjwa wa mnyauko unaoletwa na bakteria ulionekana Masisi, katika jimbo letu la Kivu ya Kaskazini, mwaka 2001, na kutoka hapo umetembea. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, hapahapa Butembo, ni miongoni mwa waliouchunguza. Majani yanakuwa ya njano na kulegea kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Ndizi zinaiva kabla ya wakati, moja moja, na ukizipasua ndani ni za kahawia. Shina likikatwa linatoa usaha wa njano. Kayinja inapigwa zaidi, kwa sababu wadudu wanatembelea ua lake la kiume na kuacha ugonjwa hapo.

Ufaransa nao walilia. Katika miaka ya 1860 mdudu mdogo aliyetoka Marekani, filoksera, alianza kula mizizi ya mizabibu yao, na kwa miaka iliyofuata mashamba mengi sana yalikauka. Waliokoka kwa kupandikiza matawi ya mizabibu yao juu ya mizizi ya mizabibu ya Marekani, ambayo mdudu yule haiwezi. Merlot ilibaki Merlot kwa sababu watu walijua jina lake na wakataka irudi.

Mgomba haupandikizwi namna hiyo, lakini silaha zipo na hazina bei kubwa. Mkungu ukishatoa chana cha mwisho, vunjeni ua la kiume kwa kijiti chenye panda, si kwa panga. Panga lipitishwe motoni au lioshwe kwa Jik kabla ya kugusa mgomba mwingine. Shina linalougua likatwe chini kabisa mara moja. Mbuzi asiachwe kutembea ndani ya migomba. Na chipukizi lisichukuliwe katika shamba lenye ugonjwa, hata likitolewa bure na shangazi.

Mambo haya yanafanyika pale mtu anapoweza kufika shambani. Tangu Oktoba 2014, mauaji katika eneo la Beni yamewafukuza wamama wengi kwenye mashamba yao, na migomba iliyobaki kule haina wa kuivunjia ua wala wa kuikata. Wako nasi sasa katika mitaa ya Butembo, wengine wamepanga chumba kimoja na watoto saba. Tunawaonea huruma, tunawapa nguo. Ni vema pia tuwaulize. Vichwani mwao mna majina ya ndizi ambayo mashamba ya mjini hayana, na wanajua ipi inatoa maji na ipi inatoa uji. Ujuzi huo ukikaa kimya miaka kumi zaidi, utazikwa pamoja na wenye nao.

Basi tunaomba jambo dogo. Kwenye mkutano wa juma lijalo, kila mama alete jina moja la ndizi na kazi yake: ya kupika, ya kuchoma, ya kuliwa ikiiva, au ya kasiksi. Tutayaandika yote katika daftari moja, pamoja na jina la kijiji ilikotoka. Mwenye chipukizi safi aseme ana ngapi. Mama aliyetoka Oicha au Mbau na hana pa kupanda, mwenye uwanja nyuma ya nyumba ampe nafasi ya mashimo mawili. Kalamu na daftari tutaleta sisi.