Kimwani: Kahawa kwanza, maharage baadaye

UKITAKA kujua Kwaresima ni kitu gani, msomaji wangu, panda basi la Mwanza kwenda Bukoba siku ya Ijumaa, halafu basi lisimame kwenye stendi inayochoma mishikaki. Moshi unaingia dirishani, jirani yako anatafuna huku anakutazama, na wewe umeapa siku 40 hugusi nyama. Mi niliapa. Nilianza kujuta pale Geita.

Tena nilijitakia. Kanisa langu, Katoliki, lilikuwa linanidai Jumatano ya Majivu na Ijumaa za Kwaresima tu, na samaki ruksa. Lakini kazini nina shoga yangu ni Muorthodoksi, na hao bwana hawatanii: Kwaresima nzima hakuna nyama, mayai wala maziwa, na samaki ni siku mbili tatu za sikukuu. Nikaona haya. Nikamwambia, "Mwaka huu tunakwenda sambamba." Mbwembwe za ujana hizo.

Wiki ya nne nikawa napanda ngazi za ofisini huku nimeshika ukuta. Macho yanaona nyota mchana. Nikasema labda ni joto la Mwanza, ngoja niende kwa shangazi Kimwani nikapigwe upepo.

Basi linapita Chato, Buzirayombo, hadi Kyamyorwa, na hapo tayari uko wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera. Watu wengi wakisikia Kagera wanawaza Bukoba mjini na ufukwe wake, huku kusini wanapita wamelala. Enzi za abakama, Kimwani ilikuwa nchi yenye mtawala wake, jirani na Ihangiro. Leo jina limebaki kwenye kata. Ukishuka unakutana na migomba, mibuni chini ya migomba, na maharage chini ya mibuni. Kila kitu kimebebana kama abiria wa Hiace.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekuwa mweupe hivyo viganja?"

Sikujibu, maana nilikuwa nimeshaletewa kikapu kidogo cha akamwani. Kwa asiyejua, hizo ni kahawa za kutafuna: zinachumwa kabla hazijaiva vizuri, zinachemshwa na majani ya kunukia, zinakaushwa. Mgeni wa Mhaya hapewi maji kwanza, anapewa hizo. (Majina Kimwani na akamwani yanafanana tu sikioni, usije ukanisingizia kwamba nimesema moja limezaa lingine.) Zamani zilikuwa na kazi nzito zaidi. Watu wawili wakitaka kuchanjiana undugu, walichukua punje mbili za tunda moja, wakazipaka damu zao, kila mmoja akameza ya mwenzake. Kahawa na damu huku wanajuana siku nyingi.

Chakula kikaja: ndizi zilizopikwa na maharage, juu ya jani la mgomba. Nikala kama sina akili. Nilipomaliza nikaomba kikombe cha kahawa nzito, kama ninavyofanya kila siku baada ya kila mlo, asubuhi, mchana na usiku.

Binti wa shangazi ni muuguzi. Aliniangalia, akauliza, "Unakunywaga lini hiyo?" Nikamwambia. Akacheka. "Basi wewe unakula maharage halafu unayafukuza."

Alinieleza hivi, nami nakupa kama nilivyopewa. Damu inahitaji madini ya chuma. Ya kwenye nyama na samaki mwili unayachukua kirahisi. Ya kwenye maharage na mboga za majani ni magumu, mwili unachukua kidogo tu. Tena mwanamke anayepata siku zake anahitaji kama miligramu 18 kwa siku, mwanamume mzima 8 zinamtosha, ndiyo maana kaka zetu wanafunga huku wanacheza mpira. Kikombe cha maharage mekundu yaliyoiva kina miligramu kama 4 au 5. Ndizi peke yake hazina kitu cha maana. Kwa hiyo sahani yangu haikuwa mbaya, maharage yalikuwepo. Mwizi alikuwa kikombe.

Kuna jaribio lilichapishwa mwaka 1983. Watu walipokunywa kahawa pamoja na chakula, madini ya chuma yaliyoingia mwilini yalipungua kwa asilimia 39. Chai ndiyo usiseme, asilimia 64. Kahawa ikinywewa saa moja baada ya chakula, hasara ni ileile. Ila ikinywewa saa moja kabla, hakuna kilichopungua. Mi hapo nikamgeukia shangazi na kikapu chake. Kahawa kwanza, mgeni apumzike, stori za ukoo mpaka ndizi ziive! Wazee wa huku walipanga ratiba bila maabara.

Kesho yake nilipelekwa zahanati kutobolewa kidole. Damu 10.4. Mwanamke asiye mjamzito anatakiwa afike 12. Muuguzi wetu akasema wiki nne za mfungo hazimalizi damu ya mtu, hilo tatizo nilikuwa nalo kabla, mfungo umelifichua tu. Wala siko peke yangu: utafiti wa afya wa taifa wa 2015-16 ulikuta wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye upungufu wa damu ni kama 45 katika kila 100. Nikapewa vidonge, nikapimwa malaria na minyoo pia, kwa sababu huku navyo vinakunywa damu.

Vidonge pembeni, dawa niliyoipenda ni nanasi. Muleba yanauzwa barabarani kama mchezo. Vitamini C ya nanasi, limao, pera au papai ikiliwa mlo huohuo inausaidia mwili kuchukua chuma cha maharage. Kila sahani ikawa na kipande.

Samaki nilirudia. Shoga yangu Muorthodoksi atanisamehe, na kanisa lake lenyewe halimlazimishi mgonjwa wala mjamzito kufunga. Nilipompigia simu alitaka kujua jambo moja tu: mfungo wao wa Noeli unaanza Novemba 15, msimu wa senene umepamba moto, je, senene ni nyama? Nikamwambia hilo kamuulize padri wako, mi usiniingize.

Siku ya kurudi basi lilikuwa alfajiri. Shangazi akanifungia akamwani kwenye jani kavu la mgomba, na chombo cha ndizi na maharage pembeni.

"Hizi tafuna sasa hivi," akasema. "Hicho usifungue kabla ya Geita."