Fedha Juu ya Kidonda

Ndugu msomaji, katika lugha yetu neno fedha lina kazi mbili. Ni yale madini meupe ambayo sonara huyafua yakawa bangili na vikuku. Na ni ile tunayoipokea mwisho wa mwezi tukaagana nayo kabla ya tarehe kumi. Ninayotaka kukusimulia leo yanahusu zote mbili, maana ziko bandeji za vidonda zilizotiwa madini ya fedha, na kuzinunua kunataka fedha za kutosha.

Nilizifahamu kwa sababu ya mguu wa shangazi yangu. Shangazi ana kisukari. Alikanyaga msumari uliopenya kandambili, asihisi chochote, kwani maradhi hayo yakikaa sana mwilini huua hisia za nyayo. Siku ya tatu mjukuu wake ndiye aliyeona usaha sakafuni. Tundu lilikuwa chini ya kidole gumba, dogo kwa nje, lakini refu kwa ndani. Muuza dawa mmoja akatuambia kwamba iko bandeji ya fedha kutoka ng'ambo ambayo ingelifunga tundu hilo lenyewe. Bei ya kipande kimoja ilikuwa sawa na chakula cha nyumba ile kwa wiki nzima, nasi tungehitaji vipande vingi. Kaka yangu akawa tayari kuuza pikipiki anayotafutia riziki. Nilimwomba asubiri siku mbili, nikaenda kuuliza na kusoma.

Msomaji, usidhani kwamba muuza dawa yule alibuni hadithi. Fedha kweli huua vijidudu. Daktari Carl Credé wa Leipzig, Ujerumani, alitangaza mwaka 1881 njia ya kuwatilia watoto wachanga matone ya chumvi ya fedha machoni, na macho mengi yakaokolewa na upofu. Mwaka 1965 Carl Moyer na wenzake huko Marekani waliwatibu watu walioungua kwa maji yenye nusu asilimia ya chumvi hiyo. Yaliwafaa, ingawa yalitia weusi mashuka na mikono ya wauguzi. Mwaka 1968 Charles Fox akaleta malhamu nyeupe iliyounganisha fedha na dawa ya salfa, nayo ikaenea katika wodi za walioungua duniani kote. Bandeji za leo ni wajukuu wa dawa hizo. Zikipata unyevu, hutoa chembe za fedha kidogo kidogo. Chembe hizo hushika ngozi ya kijidudu, huitoboa, na kuvuruga kazi zake za ndani. Ndiyo maana baadhi yake hulowanishwa kwa maji safi ya hospitali na si kwa maji ya chumvi, kwa sababu chumvi huifunga fedha ikashindwa kufanya kazi.

Lakini kuua vijidudu ni jambo moja, na kuotesha nyama mpya ni jambo jingine. Mwaka 2009 madaktari wa Uingereza walitoa matokeo ya utafiti wao juu ya watu 213 wenye vidonda vya miguu vitokanavyo na mishipa ya damu. Nusu walifungwa bandeji za fedha, nusu bandeji za kawaida, na wote wakakazwa mguu kama inavyotakiwa. Baada ya wiki 12 hapakuonekana tofauti ya maana katika kupona. Tofauti ilikuwa katika gharama. Mwaka 2012 wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana kwamba bandeji hizi zitumiwe pale kidonda kinapokuwa na vijidudu au kinapokaribia hatari hiyo, kisha kitazamwe upya baada ya wiki mbili. Kikisafika, ziondolewe.

Katika kliniki tuliyompeleka shangazi, muuguzi hakuanza na bandeji hata kidogo. Alipima sukari. Alikata nyama iliyokufa. Akaingiza kijiti cha chuma taratibu kuona kama tundu limegusa mfupa, halikuwa limegusa. Daktari akaandika dawa ya kumeza, na kwa kuwa usaha ulikuwapo, akakubali bandeji ya fedha kwa wiki mbili tu. Kisha muuguzi akasema, "Mama, dawa kubwa ni hii: mguu huu usikanyage chini."

Shangazi alimtazama kwa mshangao. "Mwanangu, nikikaa kitako, nani atachoma vitumbua?"

Hapo ndipo nilipoona gharama yenyewe ilipo. Kidonda cha unyayo kinachokanyagwa kila alfajiri hakiponi hata ukikifunga kwa dhahabu. Fedha za ukoo, zile ambazo zingemalizikia duka la dawa, tulizigawa upya: kidogo zikanunua bandeji za wiki mbili, nyingi zikawa posho ya shangazi kwa muda wa kukaa, na nyingine zikanunua magongo. Pikipiki haikuuzwa. Baada ya wiki mbili usaha ulikuwa umekauka, akarudishiwa gozi ya kawaida iliyobadilishwa na binti yake, na nyama nyekundu ikaanza kujaa kutoka chini. Ilichukua miezi. Shangazi alinung'unika kila siku ya miezi hiyo, na haki yake.

Sisemi bandeji hizi ni za bure. Mwenye kidonda kilichooza, au aliyeungua moto, huenda akazihitaji kweli, na daktari akiagiza zinunuliwe. Ila ukiuziwa, uliza ni za kazi gani na za siku ngapi. Wala usikubali kuuziwa maji ya fedha ya kunywa: hayaponyi kidonda, na yakizidi hugeuza ngozi kuwa ya kijivu, rangi isiyotoka tena.

Na kama nyumbani kwako yupo mwenye kisukari, mwangalie nyayo kila jioni, hata katikati ya vidole. Kwa asiyeweza kuinama, kioo kidogo cha mfukoni kikiwekwa sakafuni kinatosha.