Injini ya Marehemu Kaka

Katika mali aliyoiacha marehemu kaka yangu hapa Dubai, hakuna iliyotusumbua kugawanya kama gari moja la zamani, Datsun 240Z ya mwaka 1972, rangi yake ya chungwa imepauka, nalo lilikaa bandani miaka mingi chini ya turubai. Nyumba ina bei ya soko, na fedha za benki zinahesabika. Gari la namna hii ni hazina machoni pa mmoja na chuma chakavu machoni pa mwingine. Warithi walikuwa mjane wake, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Mimi sikuwa na fungu, kwa kuwa kaka ameacha mtoto wa kiume. Nilihudhuria kama ami wa watoto, na kama fundi ambaye injini ndizo zilizomlisha tangu ujana wake. Ilipokwisha kutolewa thumuni ya mama, mabinti waliridhia gari lihesabiwe katika fungu la kaka yao kwa bei iliyokadiriwa na muuzaji wa magari ya kale. Kijana akapungukiwa fedha taslimu, akapata gari.

Wasomaji wa Pwani wenye umri wangu hawatashangaa kwa nini marehemu alilipenda. Mwaka 1971, tulipokuwa watoto Mombasa, Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mashindano ya East African Safari kwa gari la aina hii hii. Mwaka 1973 likashinda tena, likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews. Mara hiyo ya pili Mehta alilingana kwa alama za adhabu na Harry Källström, naye akiwa katika Datsun, ikabidi utafutwe utaratibu mwingine wa kumpata mshindi. Kaka aliyafuata hayo yote redioni sikukuu ya Pasaka, sikio limegusa kitambaa cha spika, na hakuna aliyethubutu kumtuma dukani. Miaka zaidi ya thelathini baadaye alilinunua gari lake kwa mtu aliyelileta kutoka Marekani.

Kijana wake ana miaka 22. Alinijia na daftari lililojaa hesabu. Alitaka kuifumua injini ya baba yake, kuzichonga silinda ziwe pana zaidi, kuweka kamshafti kali ya mashindano, kabureta tatu zenye vinywa viwili viwili badala ya zile mbili za asili, kisha alipeleke gari kwenye uwanja wa Dubai Autodrome siku za wazi, na jioni arudi nalo nyumbani kwa barabara ya kawaida. Mama yake alinipigia simu usiku uleule. Akaniambia, “Shemeji, mimi sikatai gari. Nakataa jeneza.”

Hapo nilijikuta kati ya wawili ninaowapenda, na wote wana hoja.

Injini yenyewe huitwa L24. Ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, bloku ya chuma cha kusubu, silinda hedi ya aluminiamu na kamshafti moja juu inayozungushwa kwa mnyororo. Kila silinda ina upana wa milimita 83, na pistoni husafiri milimita 73.7, jumla yake ni sentimita za ujazo 2,393. Vitabu vya Marekani viliiandikia nguvu za farasi 151, lakini vipimo vya enzi zile vilichukuliwa injini ikiwa imevuliwa mizigo yake, hivyo barabarani nguvu ilikuwa pungufu ya hapo. Ni injini ngumu, nyepesi kueleweka, na yenye subira kwa fundi. Nimezifumua nyingi, na sijapata kuichukia hata moja.

Tatizo ni kwamba barabara na uwanja wa mashindano huitaka injini moja ifanye mambo yanayopingana. Kamshafti ya mashindano huziacha valvu wazi muda mrefu zaidi. Mizunguko ikifika 6,000 kwa dakika na kuzidi, hewa huingia kwa wingi na gari huruka. Lakini kwenye foleni ya kuelekea Sharjah, saa kumi na moja jioni, injini hiyohiyo hutetemeka, hukohoa, hunywa petroli bila faida na hutishia kuzima kila taa nyekundu. Kubana mchanganyiko wa hewa na petroli kwa nguvu zaidi ndani ya silinda nako huongeza nguvu na joto pamoja. Katika nchi ambayo kiangazi hupita nyuzi 40, joto hilo huufanya mchanganyiko uwake kabla ya wakati wake, na pistoni hugongwa kama kwa nyundo. Petroli ya daraja la 98 inayouzwa huku husaidia, lakini haifuti hesabu. Kwa barabarani napenda kamshafti ya wastani na mbano usiozidi kiasi, hata kama rafiki zake kijana wataicheka.

Jambo nililolikataa kabisa lilikuwa kuichonga bloku ya marehemu. Namba iliyogongwa juu yake inalingana na ile ya kwenye kibati cha gari, na thamani ya fungu alilolirithi kijana imo kwa sehemu katika namba hizo. Tena chuma kikishaondolewa kwenye ukuta wa silinda hakirudi; ukipita kiasi, ukuta huwa mwembamba, joto huupinda, na bloku hugeuka uzito wa kuzuia mlango. Kijana alinuna siku tatu. Siku ya nne aliniuliza, “Ami, kwa hiyo tufanyeje?”

Ndugu yake L24 ni L28, iliyotumika katika Datsun 280Z kuanzia mwaka 1975. Kwa umbo la nje ni ileile, hukaa palepale, lakini upana wa silinda ni milimita 86 na mwendo wa pistoni ni 79, yaani sentimita za ujazo 2,753 bila kuchonga chochote. Tuliipata moja kwa bei nafuu. Wapo wanaoendelea mbele, wakaitia krenki ya injini ya dizeli ya jamaa hiyohiyo, yenye mwendo wa milimita 83, na kufikia ujazo wa karibu 2,900. Kijana aliitaja krenki hiyo mara nyingi. Nikamwambia fedha ya krenki ikanunue breki.

Na hapa ndipo tulipokubaliana na mama yake. Kabla ya kuongeza hata farasi mmoja, tulibadili breki za mbele, mabomba ya breki, matairi, mikanda na kiti cha dereva. Tukaweka rejeta kubwa zaidi. Ndani ya sampu tukachomea vizuizi, kwa sababu kwenye kona ndefu ya uwanjani oili hukimbilia upande mmoja, pampu ikavuta hewa, na beringi za krenki huungua kabla dereva hajaona kitu. Viti vya valvu za ekzosi tukaviweka vya chuma kigumu, maana injini za enzi hizo zilizoea petroli yenye risasi. Karatasi za kibali cha kubadili injini zilichukua muda kuliko kazi yenyewe, nami sikumruhusu awashe gari nje ya banda mpaka zikamilike. Polisi wa huku hawana mzaha na magari yaliyogeuzwa kienyeji.

Kabureta tatu alizipata. Siwezi kukana kwamba sauti yake ni tamu.

Asubuhi ya kwanza uwanjani, mama yake alikuja na mabinti wote wawili. Njia ndefu ya uwanja ule ni takriban kilomita 5.4, na gari likipotea nyuma ya majengo husikii kitu kwa muda. Shemeji alisimama kwenye uzio, kila mzunguko ukitimia akisogeza punje moja ya tasbihi. Zilifika nane. Kijana alishuka shati limelowa, akaenda moja kwa moja kufungua boneti kuangalia oili, kabla hajamwangalia mtu yeyote. Mama yake akanigeukia, akaniuliza kama hiyo ndiyo kasi ya mwisho ya gari. Nikamjibu kuwa sivyo. Akanyamaza, kisha akaniuliza gari litahitaji nini kabla ya kurudi tena hapo.

L24 ya marehemu imo ndani ya sanduku la mbao bandani, silinda zimemiminiwa oili na matundu yote yamezibwa. Kila mwezi huwa tunaizungusha kwa mkono nusu duara ili ringi zisigande. Mwezi huu ni zamu ya binti mdogo.